Leaf yako imegoma? Usianze na betri kubwa

Kwa wengi wetu Kenya na Tanzania, gari la kwanza la umeme ni Nissan Leaf iliyotumika Japani. Maelezo haya yamejikita kwenye Leaf ya kizazi cha pili, yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2017. Sheria ya Kenya inayokataa magari yaliyozidi miaka 8 ndiyo imeifanya hii iwe inayoshushwa Mombasa kwa sasa. Mwenye ile ya zamani yenye sura ya chura naye atapata mengi ya kumfaa humu.

Malalamiko ya wamiliki wapya yanafanana sana: gari haliwaki, halichaji, linachaji polepole, kilomita zinayeyuka. Anayelalamika huwa ameshaamini kwamba betri kubwa imekufa na ameanza kupiga hesabu ya hasara. Kumbe mara nyingi ugonjwa uko kwenye betri ndogo, kwenye soketi ya ukutani, au kwenye saa iliyoachwa na mwenye gari wa kwanza kule Japani. Kwa hiyo chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi, nikashuka hadi ya nadra, na ukaguzi usiogharimu kitu umetangulia.

Kabla ya yote: nyaya nene zenye ganda la rangi ya chungwa zinabeba umeme wa volti 350 hivi. Usiziguse, hata gari likiwa limezimwa. Hakuna hatua yoyote humu inayokutaka uzishike. Fundi wa mtaani akisema anataka kuzifungua "aangalie tu", mnyime ufunguo.

## Gari halina uhai, au dashibodi imejaa taa za kila rangi

Sababu inayoziacha nyingine mbali ni betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti. Wengi hawajui hata kama ipo. Betri kubwa inasukuma gari, lakini hii ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za ndani zinazoruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ikilala, gari lenye chaji ya asilimia 90 halitikisiki, na hata ukilichomeka halianzi kuchaji.

Gari lililotoka nje limekwisha kuidhoofisha betri hii kabla hujaliona. Limekaa yadi Japani, likakaa melini wiki kadhaa, likakaa bandarini likisubiri ushuru. Kisha likifika kwako linafungwa traka ya benki au ya bima, ambayo inanyonya volti 12 usiku na mchana. Ukiongeza kamera ya kioo cha mbele, na kile kidude cha kusomea kompyuta ulichokisahau kwenye soketi yake chini ya usukani, asubuhi unakuta gari limenyamaza. Jingine linalowashangaza watu: kuliacha gari limechomekwa siku nyingi baada ya chaji kujaa nako kunaweza kuimaliza betri ndogo. Likijaa, chomoa.

Kagua hivi:

1. Ufunguo kwanza. Betri yake ya kidonge inauzwa dukani kwa bei ya soda mbili tatu. Ikiwa imechoka, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Ndani ya ufunguo kuna kingine cha chuma cha kufungulia mlango wa dereva.
2. Umekanyaga breki kweli? Ukibonyeza kitufe bila breki, redio na skrini vinawaka lakini gari halijawa tayari kwenda. Subiri alama ya kijani ya gari lenye mishale. Usisubiri ngurumo, haiji. Na hakikisha kebo ya chaji imechomolewa.
3. Pima betri ndogo kwa mita ya volti. Ikiwa 12.4 au zaidi, ni nzima. Chini ya 12, imelala. Gari likishakuwa tayari, kipimo kipande hadi 13 na kitu au 14 na kitu. Kisipopanda, basi kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa ili kuijaza ndogo hakifanyi kazi, na hapo ni kwa fundi wa magari ya umeme.

Betri iliyolala inaamshwa kwa nyaya za jampa kama ya gari lolote: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha bodi mbali kidogo na betri. Likiwaka, liache limewaka saa nzima hivi ili ndogo ijazwe. Kazi hii hata fundi wa kawaida anaiweza, na kubadilisha betri yenyewe pia anaiweza. Ila usikubali Leaf yako itumike kuliamsha gari la jirani. Kuwasha injini ya petroli kunataka mkondo mkubwa ambao Leaf haikutengenezwa kuutoa.

Ukishaweka betri ndogo mpya, nusu ya zile taa za dashibodi huwa zinaondoka zenyewe ukiendesha kidogo. Zikibaki, hasa ile ya njano yenye umbo la gari na alama ya mshangao, soma makosa kwa programu ya Leaf Spy kabla ya kumlipa mtu. Inawekwa kwenye simu na kuunganishwa na kidude cha Bluetooth kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta iliyo chini ya usukani. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zulia jipya.

## Umelichomeka usiku, asubuhi chaji ni ileile

Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko kwingine kote.

Taima ya Kijapani. Ukichomeka, angalia taa tatu za buluu juu ya dashibodi. Zikiwaka kwa zamu kisha zikazimika, gari limeuona umeme ila linasubiri saa yake. Tuseme mwenye gari wa kwanza alipanga lichaji kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na saa ya gari mara nyingi bado inasoma ya kule. Kwa hapa, mpango huo unaanza saa moja jioni na kukata saa sita usiku. Ukichomeka saa nne usiku unapata chaji ya saa mbili tu. Ukichelewa kurudi ukachomeka saa saba, hupati kitu. Watu wanahangaika na "chaji nusu nusu" miezi mizima kwa ajili hii.

Kwa usiku huo, bonyeza kitufe cha kuchaji mara moja kilicho karibu na usukani, chenye alama ya taima. Kesho yake mchana, elekeza kamera ya simu kwenye skrini ili ikutafsirie Kijapani, ingia kwenye menyu ya gari la umeme, futa taima zote mbili, kisha rekebisha saa. Baadaye unaweza kuirudisha taima kwa faida yako mwenyewe. Kenya ina bei maalumu ya umeme wa magari tangu 2023, yenye mita yake ya pekee, na bei ya msingi ya saa za usiku ni nusu ya ile ya kawaida.

Tokeni zimeisha. Usicheke. Nyumba iliyozoea uniti (yaani kilowati-saa) nne tano kwa siku inashtuka ikiulizwa uniti zaidi ya 20 kwa usiku mmoja. Mita ya tokeni au ya LUKU inakata saa tisa usiku, watu wamelala, friji imezimika, na lawama zote zinaliendea gari.

Breka imeanguka. Gari linavuta umeme saa kumi mfululizo. Mtu akiamka saa kumi na moja akawasha shawa ya moto, ambayo peke yake inakula kilowati 5 hivi, na jikoni kuna birika, breka inaanguka. Ikitokea mara moja, irudishe. Ikianguka tena wakati ni gari peke yake linalotumia umeme, acha kuirudisha. Usikubali ibadilishwe kwa kubwa zaidi kabla fundi hajatazama unene wa waya uliomo ukutani, maana breka ipo kuulinda waya huo.

Athi haipo. Kebo ya chaji ina kisanduku chenye taa. Kikiwasha nyekundu tu unapochomeka ukutani, hata kabla ya kuligusa gari, mshuku waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la athi halina kitu nyuma yake. Pasi na televisheni havijali, lakini kebo ya gari inapima kwanza na kukataa. Jenereta na inveta nyingi nazo zinakataliwa kwa sababu hiyohiyo. Kipima-soketi cha kuchomeka chenye taa tatu kitakuambia mara moja.

Tatizo hili lina tiba ya mkato ambayo baadhi ya mafundi huipenda: kuunganisha niutro na athi ndani ya plagi ili kebo idanganyike. Kataa. Siku niutro ikikatika kwenye nguzo, bodi ya gari lako yote inabeba umeme wa nyumba, na mtoto atakayeligusa akiwa pekupeku kwenye udongo ndiye atakayeumia. Athi halisi, ya fito iliyopigwa ardhini na kupimwa, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania. Haina njia ya panya.

Umeme dhaifu. Jioni mtaa mzima ukipika, volti zinashuka, na gari linaanza, linaacha, linaanza tena. Jaribu saa sita usiku. Likikubali wakati huo, gari ni zima. Umeme ukikatika na kurudi, si kila kebo inarudi kazini yenyewe. Nyingine zinataka zichomolewe na kuchomekwa upya.

Kebo yenyewe ni ya Japani. Ile inayokuja kwenye buti ilitengenezwa kwa volti 200 na plagi yake haiingii kwetu. Watu wanakata kichwa na kufunga plagi yetu ya ampia 13. Kebo hizo nyingi huvuta ampia 15, na volti zetu ni 230 hadi 240, kwa hiyo unapata plagi inayooka taratibu kila usiku. Nunua kebo iliyotengenezwa kwa umeme wetu, yenye kichwa cha Type 1, kinachoingia kwenye tundu dogo la Leaf, na kitufe cha kuchagua ampia 8, 10 au 13. Weka 10.

Chaja ya ndani ya gari imekufa. Iko mwisho kwa sababu hutokea kwa nadra. Kabla hujaamini, peleka gari kwenye nyumba nyingine au kwenye chaja ya umma ya Type 2 (kichwa cha Ulaya) kwa adapta. Likigoma kote, na betri ndogo ni nzima, hapo unahitaji gereji ya magari ya umeme.

## Linachaji, lakini ni kama halichaji

Fanya hesabu kwanza. Ampia 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4, na kidogo kinapotea njiani. Kwa saa kumi za usiku unaingiza uniti 21 hivi, nusu ya betri na ushee. Kuijaza kutoka sifuri ni saa 18 au 19. Hiyo ndiyo kasi yake, hakuna kilichoharibika. Kwa mtu anayetoka Kitengela kwenda mjini Nairobi na kurudi, nusu ya betri inamtosha na chenji inabaki.

Anayetaka zaidi anafunga chaja ya ukutani yenye laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme. Lakini ulizia kwanza gari lako lina chaja gani ndani. Leaf nyingi za Japani zina ya kilowati 3, na ya 6 ilikuwa ya kuongeza pesa. Ukifunga chaja kubwa ya ukutani kwa gari la kilowati 3, umenunua pambo.

## Plagi au soketi inachemka

Hii sehemu ni fupi makusudi. Weka mkono kwenye plagi baada ya saa moja ya kuchaji. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikufanya uuondoe mkono, au ukaona plastiki imegeuka kahawia, au kuna harufu kama ya samaki aliyeungua, zima breka kabla ya kuchomoa, na usitumie soketi hiyo tena hadi ibadilishwe.

Kinachosababisha mara nyingi ni ekstensheni, hasa zile nyembamba zilizozungushwa kwenye kigurudumu. Sizipendi kwa kazi hii hata kidogo. Kisha soketi ya bei ya chini ambayo meno yake yamelegea. Kisha skurubu zilizolegea nyuma ya soketi, jambo ambalo fundi analimaliza kwa dakika kumi. Punguza ampia hadi 8 wakati unamsubiri, lakini ukiona alama ya kuungua usichaji kabisa.

## Chaja ya haraka inakukataa, au inakwenda kwa kusuasua

Ukifunua kifuniko cha mbele unakuta matundu mawili. Dogo ni la kuchajia nyumbani, Type 1. Kubwa ni CHAdeMO, mfumo wa Kijapani. Vituo vingi vinavyofunguliwa sasa vimeelekea CCS2 ya Ulaya au GB/T ya China, kwa sababu magari mapya yanayoletwa ndiyo hayo. Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kukataliwa ni kwamba kichwa cha kebo si chako. Kabla ya safari, piga simu kituoni uulize, "CHAdeMO ipo, na leo inafanya kazi?" Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Kama jibu ni hapana, adapta ya Type 2 kwenda Type 1 itakuwezesha kuchaji polepole kwenye nguzo za kawaida, na ibebe kila siku kwenye buti.

Kichwa kikiwa ni chenyewe na bado inagoma, sukuma hadi kilingane kabisa na wenzo ujifunge. Tazama pia kama kitufe chekundu cha dharura kwenye chaja kimebonyezwa na mtu aliyepita.

Ikikubali lakini ikaenda polepole, tazama mahali matatu: asilimia ya chaji, kipimajoto cha betri, na maandishi ya chaja. Ukishavuka asilimia 80, gari lenyewe linapunguza mwendo wa chaji. Kisha joto: betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala feni. Ukichaji haraka, ukakimbia barabara kuu, ukachaji haraka tena siku hiyohiyo, kipimajoto kinakaribia nyekundu na gari linajikinga kwa kukata kasi hadi nusu au chini yake. Dar na Mombasa utaliona hili mapema kuliko Nairobi. Dawa ni kupunguza mwendo kabla ya kufika kituoni na kupumzika kivulini. Kumwaga maji kwenye boneti hakusaidii chochote, betri iko chini ya sakafu.

Mwaka 2024 Nissan ilitangaza Marekani kuyarejesha magari ya Leaf ya 2019 na 2020 kwa marekebisho, kwa kuwa betri ingeweza kupata joto la hatari wakati wa chaji ya haraka. Gari lako ni la soko la Japani, basi tafuta namba yake ya chasi kwenye ukurasa wa Nissan Japani wa magari yanayorejeshwa. Na ukisikia mvuke, ukaona moshi au ukahisi harufu tamu isiyo ya kawaida wakati wa kuchaji, bonyeza kitufe chekundu, toa watu, sogeeni mbali, piga simu zimamoto: 999 au 112 Kenya, 114 Tanzania. Usirudi kuchukua simu yako ndani ya gari.

## Dashibodi ilisema kilomita 240, zimeisha nikiwa sijafika 150

Ile namba kubwa ni makisio. Gari linatazama ulivyoendesha siku za karibuni na kudhani utaendelea hivyohivyo. Ukikaa wiki nzima kwenye foleni ya Mbagala, ambako gari la umeme linatumia kidogo sana, linakuahidi makubwa. Siku ukishika barabara ya Morogoro kwa kilomita 110 kwa saa, ahadi inavunjika. Zima macho kwenye kilomita, fuata asilimia.

Pia tangazo la muuzaji. Kilomita 400 zinazotajwa kwa Leaf hii ni za kipimo cha zamani cha Kijapani, JC08. Kipimo kipya cha huko kinasema 322, na cha Wamarekani, ambacho ndicho kilicho karibu na maisha ya barabarani, kinasema 243. Betri iliyotumika inashuka hapo kidogo. Ukipata 200 kwa uendeshaji wa kawaida, huna ugonjwa.

Zaidi ya hapo, tafuta kwa mpangilio huu. Mwendo kasi ndio mlaji mkuu. Upepo wa matairi, ambao watu huujaza kwa kukisia. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kiyoyozi, kinachoweza kula kilowati moja au mbili kwenye joto la Pwani, na foleni ya saa mbili nayo inahesabiwa. Halafu kuna mlima. Gari lenye uzito wa kilo 1,600 pamoja na waliomo linakula takribani nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda wima, juu ya matumizi ya kawaida. Mai Mahiu kupanda Limuru inakutoza uniti mbili na zaidi, na kushuka kunakurudishia sehemu tu.

Betri yenyewe inakuja mwisho. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya yake. Cha kwanza huondoka betri ikiwa imepoteza asilimia 15 hivi, vinavyofuata huondoka kila inapopotea sita na kidogo. Sasa sikiliza vizuri: wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijistari vyote 12 vionekane. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha, vinaanza kuanguka kimoja kimoja hadi ukweli ujulikane. Kama umenunua juzi na vijistari vinadondoka hivyo, huenda ndicho kilichotokea. Usitoe hela ya gari hili bila kulijaza, kuliendesha hadi chini ya asilimia 30 na kusoma Leaf Spy pale chini, ambako uongo ni mgumu.

Kule chini ndiko seli mbovu hujitaja. Betri ya kilowati-saa 40 ina makundi 96 ya seli yaliyopangwa mfululizo, na kundi moja dhaifu linawaamulia wengine wote mwisho wa safari. Dalili yake ni chaji kuporomoka kwa mkupuo, mathalani kutoka asilimia 28 hadi 12 kwenye mlima mmoja. Tofauti ya volti kati ya seli bora na mbovu kabisa ikipita milivolti 100 betri ikiwa chini, moduli (furushi la seli) ya kubadilisha ipo. Kazi hiyo inafanywa na mtu mwenye glavu za umeme mkubwa na aliyewahi kufungua betri ya Leaf. Mwombe akuonyeshe picha za kazi zake.

## Alama ya kobe imewaka

Kobe wa njano anamaanisha nguvu zimepunguzwa. Chaji ikiwa karibu sifuri, ni onyo tu: tafuta pa kuegesha salama, kwa sababu umebakiwa na umbali mdogo mno. Akitokea chaji ikiwa bado nzuri, tazama joto la betri. Liko juu? Egesha, subiri. Joto ni la kawaida na chaji ipo? Rudi kwenye habari ya seli dhaifu hapo juu, na usipande nalo gari mlima mrefu hadi lipimwe.

## Kebo imegoma kutoka, sauti za ajabu, redio

Kebo ikinaswa, fungua milango kwa ufunguo kisha bonyeza kitufe cha kichwa cha kebo na uvute. Ikikataa, simamisha chaji kwanza. Usiivute kwa nguvu za miguu.

Mlio wa "ka!" unapowasha ni swichi kubwa za betri zinafunga. Mvumo mdogo unapofungua mlango ni pampu ya breki inajiandaa. Feni kulia wakati wa kuchaji ni sawa. Mlio wa kusaga kutoka magurudumu ya mbele si sawa, na huo ni wa gereji ya kawaida: beringi hazijui kama gari ni la umeme.

Redio kukamata stesheni chache tu si ubovu. Masafa ya Japani yanaanzia 76 na kuishia chini ya yetu.

## Breki zinakwaruza asubuhi, au gari halipungui mwendo upesi betri ikiwa imejaa

Mkwaruzo wa asubuhi ni kutu. Kwenye mota (injini ya umeme) ndiko gari linakopunguzia mwendo, kwa hiyo diski hazitumiki sana, na hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja inazila. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, kanyaga breki kwa uzito ili zijisugue. Kelele ikidumu mchana kutwa, fungua magurudumu uone pedi.

Betri ikiwa imejaa pomoni, mota haina pa kupeleka umeme wa kupunguzia mwendo, na breki za kawaida ndizo zinazobeba mzigo. Anayeishi Limuru na kushuka bondeni kila asubuhi, aache chaji kwenye 85 au 90.

Pedali ikizama, au taa nyekundu ya breki ikiwaka, usiendeshe. Hakuna ukaguzi wa nyumbani kwa hilo.

## Gari limeingia maji, au limekufa barabarani

Mvua na kuoshwa havina neno, ila mwambie mwosha magari asielekeze mpira wa presha chini ya boneti wala kwenye matundu ya chaji. Mafuriko ni habari nyingine. Maji yakifika kwenye sakafu ya ndani, usiliwashe, usilichomeke, usiliegeshe gereji ya ndani wala ukutani mwa nyumba. Liache mahali pa wazi. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, na betri iliyoloweshwa nayo inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye, likiwa limeegeshwa na hakuna anayeligusa.

Bredauni ikija, ikatae ile inayoburuta kwa ndoano huku magurudumu ya mbele yakizunguka. Magurudumu hayo yameungana na mota moja kwa moja, na yakiburutwa yanazalisha umeme ndani ya mfumo ulioharibika. Taka lori la kulibeba lote juu. Kama lililopo ni la ndoano tu, magurudumu ya mbele ndiyo yanyanyuliwe, na mwambie dereva wake hivyo kabla hajafunga mnyororo.